Kohozi la Jumatatu

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye vumbi, mimi ni Papa Ramazani. Nitasema mambo machafu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mchafu. Nikiupamba, hamtautambua siku utakapowajia.

Nilizaliwa hapa Kisangani, katika familia ya Waislamu waliotoka Maniema wakati wa mababu. Ujanani nilibeba magunia bandarini na kuvuka mto kwa kasia bila kutweta. Nilipomwoa mke wangu, mama ya binti yetu Zaina, nikatafuta kazi ya kudumu, nikaingia kiwanda cha pamba, kule wanakotoa mbegu kabla ya kufunga marobota. Nililisha mashine, na mara moja kwa juma nilifagia chumba cha vumbi.

Vumbi la pamba si kama la barabara. Linaelea, linakaa kwenye nyusi, likikutana na jasho linakuwa uji wa kijivu shingoni. Tulilila pamoja na chakula cha mchana. Ukimega kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, unakuta imeota manyoya.

Miaka miwili sikuona kitu. Mwaka wa tatu, kila Jumatatu jioni, kifua kikawa kinanibana kama nimefungwa mkanda. Jumanne afadhali, Ijumaa nimesahau. Jumapili napumzika, Jumatatu ugonjwa unarudi. Baadaye ukachukua na Jumanne, halafu juma zima. Nilikohoa mpaka mkojo ukanitoka. Kohozi lilikuwa zito, la kijivu, na ukilitazama vizuri lilikuwa na nyuzi ndani. Mama ya Zaina aliweka kopo la majivu la kutemea kando ya kitanda. Kila asubuhi alilimwaga akiwa amegeuza uso. Nilimwona, na nikauchukia mwili wangu.

Jumatatu moja, lundi kama tunavyosema hapa, nilikaa chini karibu na mashine, natafuta hewa. Kapita wetu, msimamizi wa kazi, jina lake Bonifasi, akaja mbele ya wenzangu wote.

"Papa Ramazani, kila lundi uko mugonjwa. Jana ulilewa masanga."

"Mimi sikunywaka pombe, kapita. Unajua dini yangu."

"Fungula kinywa."

Nikafungua. Akasogeza pua yake mpaka kwenye meno yangu, akanusa kama mtu anayekagua samaki sokoni. Pombe hakuipata. Alipata harufu ya kifua kinachooza. Akatema mate sakafuni, akasema, "Iko masanga." Watu wakacheka. Maneno hayo yalifika msikitini kabla yangu, na mzee mmoja akarudisha mkono wake nilipompa wangu. Hilo lilinichafua kuliko kohozi.

Aliyeniokoa ni mke wangu. Alikwenda kwa Anselmi, jirani yetu kule mtaani Tshopo, aliyekuwa muuguzi hospitalini. "Baba ya Zaina iko anakufa," alimwambia, "na watu wanasema iko amelewa." Anselmi akanipeleka kwa daktari mmoja mzungu aliyekuwa na mashine ya kupima pumzi.

Ilikuwa pipa la maji, na juu yake bati lililofunikizwa, limeunganishwa na bomba la mpira. Unabanwa pua, unavuta hewa yote, unapuliza. Bati linapanda, na kalamu inachora mstari kwenye karatasi. Mpira wa kuuma ulikuwa na alama za meno ya watu. Waliufuta kwa alkoli, lakini chini ya alkoli nilionja mate. Maji ya pipa yalinuka kama mtungi uliosahaulika.

"Puliza, papa, puliza, puliza, usiache," Anselmi akasema.

Nilipuliza mpaka macho yakaona giza. Kohozi likapanda, likaingia bombani, na matapishi yakafuata. Mwanaume aliyengoja nyuma yangu aliinuka akaondoka zake. Anselmi alifungua bomba, akatoa ule utelezi kwa kitambaa, akaliosha. "Pole, papa. Tunaanza tena."

Daktari aliniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Inakukamata siku gani?" Nikamweleza habari ya Jumatatu. Akaweka kalamu chini. "Lundi, kuya hapa mbele ya kazi. Kazi ikiisha, kuya tena. Na kapita yako akuye naye."

Jumatatu asubuhi nikapuliza. Jioni nikarudi na Bonifasi, aliyeitwa kwa barua ya daktari, nikapuliza tena. Daktari akaweka karatasi mbili mezani. Mstari wa jioni ulikuwa chini ya ule wa asubuhi kwa upana wa vidole viwili.

"Asubuhi huyu mutu alikuwa muzuri kupita sasa," daktari akamwambia kapita. "Mchana wote alikuwa mbele ya macho yako. Alikunywa masanga saa ngapi?"

Bonifasi akageukia mlango. Daktari akamwonyesha kiti. "Wewe pia, puliza." Kapita aliutazama ule mpira, ungali unang'aa mate yangu hata baada ya kufutwa, midomo ikamkunjika. Akauuma. Mstari wake ulikuwa chini hata kuliko wangu wa jioni. Aliukazia macho muda mrefu. Sikufurahi, na huruma pia sikuwa nayo. Nilitaka tu kutoka nje nikateme.

Daktari hakunificha. "Hakuna dawa ya kunywa. Dawa ni kutoka mule."

Nikatoka. Baba alikuwa seremala, ila kazi yake sikuishika, maana hata mbao ina vumbi lake. Nikapanda boti kwenda Yangambi, kwenye mashamba ya utafiti, nikapata kazi ya kumwagilia miche. Kohozi likawa jeupe, halafu maji, halafu likapotea siku nyingi. Baada ya mwaka nilipimwa tena. Mstari ulipanda, ila haukufika pa mtu mwenye afya wa umri wangu. Kilichokwenda kimekwenda.

Namshukuru Mungu, na mke wangu aliyemwaga kopo, na Anselmi aliyetia mkono kwenye uchafu wangu. Yule mzee wa msikitini, ukweli ulipomfikia, alikuja kunipa mkono. Niliupokea, nikaenda kunawa.

Nanyi, tazameni mnachotema kabla ya kukifukia. Shikeni siku ambayo kifua kinawabana, mkaseme siku hiyo hospitalini. Mkipewa mpira, uumeni, hata kama umetoka kinywani mwa mwingine.

Leo nikipanda ukingo wa mto kutoka bandarini, nasimama mara mbili. Vijana wananipita. Nasimama, navuta hewa, na haina ladha ya vumbi wala ya kitu chochote.