Mpira wa Kusikiliza

Juzi, nyumbani kwa binti yangu, mjini Ruangwa, mjukuu wangu alikuwa akicheza mpira wa kwenye televisheni. "Bibi, tazama basi, mbona umefumba macho?" Nilikuwa nimerudi Mtua, kijijini kwetu, enzi za utoto.

Mjomba wangu, baharia, alituletea kisanduku chenye vitufe viwili vya kuzungusha, kama vya redio. "Ni mchezo wa mpira," alisema, akaondoka zake. Leo najua kilitaka kuunganishwa na televisheni. Wakati ule hakuna aliyekuwa nayo, na sisi mpira tuliujua wa redioni tu. Kaka yangu Selemani akachomoa betri za redio ya baba, akazitia. Kikalia tip, tip, kisha pooo.

"Goli langu!"

"Mwongo we! Nani kafunga?"

"Mimi, si nimezungusha!"

Tuligombana alasiri nzima, tumefunga saumu, Ramadhani ikielekea ukingoni, harufu ya mihogo ya futari ikitutesa.

Jua lilipozama, baba akawasha redio asikie kama mwezi umeandama. Kimya. Betri tulizirudisha, lakini zimekwisha.

"Nyie watoto!" Akameza hasira, akapanda baiskeli kwenda kuuliza Nachingwea. Tukabaki hatujui kesho ni Idi au ni saumu, na mama hatusemeshi.

Akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Alhamdulillahi, ni Idi." Kisha akakiinua kile kisanduku. "Haya, nani alishinda?"

"Mimi!" tukajibu pamoja.

"Astaghfirullahi," akasema baba, akaketi chini.

Selemani sasa ana ndevu nyeupe, na bado anadai alishinda. Mungu anipe subira.