Washenga Niliowathibitisha kwa Kiingereza

Naungama, kiherehere changu kimeniponza. Mwalimu alitufundisha: ukiwa na ushahidi unasema "must", ukibahatisha unasema "might". Jumamosi, dirishani kwetu Mchafukoge, nikaona wazee watatu wenye kanzu na sinia lililofunikwa wakiingia jengo letu.

"They must be washenga!" nikapaza sauti. "Dada Salma, posa yako uliyoisubiri hiyo!"

"Una hakika wewe?" mama akauliza.

"Must, mama! Siyo might!"

Mama akafukiza udi. Shangazi akapiga vigelegele dirishani mpaka wachuuzi wa chini wakaitikia. Salma alikuwa amepaka wanja jicho moja tu, hodi ikapigwa. Nikafungua mbio.

"Shikamooni! Karibuni!"

"Marahaba, mwanangu. Kwa kina Zuhura ndiyo hapa?"

Zuhura anakaa ghorofa ya juu yetu. Nikageuka taratibu. Salma alikuwa ananitazama kwa lile jicho lenye wanja.