Nadhiri Aliyowekewa Fundi Tarsis

Saa moja asubuhi, jua halijafika kwenye baraza ya duka la vitambaa la Bwana Praful, Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, na cherehani ya Tarsis Mushi imekwisha kuanza kulia. Miguu inasukuma, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa, mdomoni ameuma pini. Ukimsalimu wakati huu atakuitikia kwa nyusi.

Leo anashona suti yake mwenyewe, ndiyo maana wapita njia wanamchokoza: fundi gani huyu anayejipima kiuno? Jumamosi anafunga ndoa na Celina, mwalimu wa darasa la kwanza. Mwaka jana asingethubutu hata kukata kitambaa hicho.

Tarsis ana miaka ishirini na minane. Mwezi mzuri, katika miaka hii ya sitini, humwachia shilingi tisini, na humo humo atoe kodi ya chumba Magomeni na cha kumpelekea mama yake, Evarista, mjane anayeishi Kibosho. Lakini kilichomkondesha si umaskini. Ni nadhiri, tena ambayo hakuiweka yeye.

Akiwa mtoto mdogo alishikwa na surua iliyozika wenzake kadhaa kijijini. Mama yake alipiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria, akaahidi kwamba mtoto akipona atakuwa bruda, mtawa asiyeoa, amtumikie Mungu maisha yake yote. Mtoto akapona. Tangu hapo nyumba nzima ikamwita Bruda, naye hata kufunga vifungo vya kaptura hajui.

"Sikuulizwa," anasema. "Nilijiona kama mbuzi wa sikukuu. Siku yake inajulikana, yeye anakula majani tu."

Alipokua akaenda kwa mabruda kweli, na huko ndiko alikojifunza kushona. Alisali, alitii kengele, hakuwa mkorofi. Ila kila siku ya kuweka nadhiri zake ilipokaribia, aliomba iahirishwe. Mkuu wa nyumba alimwuliza kama anataka kwa moyo wake. Tarsis akasema kweli: anayetaka ni mama. Wakaagana kwa amani, naye akapanda basi la Dar es Salaam bila kupitia nyumbani.

Hapo ndipo alipojitafutia lawama. Ng'ombe wa mama alipokufa, ikasemwa ni nadhiri. Kahawa ilipopukutika, nadhiri. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema majirani, na kila aliyetoka Kibosho alimletea maneno hayo hadi Kariakoo. Kanisani akawa anakaa benchi la nyuma kabisa. Kwa miaka minne hakukomunika, hakuipokea Ekaristi, maana alijiona mwizi aliyemwibia Mungu.

Alipompata Celina, Evarista alikataa katakata kutoa radhi. Ahadi ni deni, alituma kusema, na deni la Mungu halifutwi kwa harusi. Bila radhi ya mama, Tarsis hakuona ndoa. Celina alimpenda na akakubali kungoja, ila alimweleza wazi kwamba hatangoja mpaka mvi.

Bwana Praful, Mhindu mwenye ibada zake, aliisikiliza habari hiyo huku akipima kitambaa. Alisema hiari yashinda utumwa, kisha akauliza kama suruali za wateja zimekwisha. Padre wa parokia ndiye aliyempa neno ambalo Tarsis analirudia hadi leo.

"Malaika alipomwendea Bikira Maria alimpa ujumbe, halafu akasubiri jibu. Mungu anataka utii wako, Tarsis, lakini hauchukui mfukoni mwako wakati umelala."

Baada ya mavuno ya kahawa, Evarista akaja mwenyewe. Alishuka kwenye basi, akaja moja kwa moja barazani, mkononi ana jani la isale lililofungwa fundo. Kwa Wachaga, anayeleta isale anaomba msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa. Mara nyingi mtoto ndiye humpelekea mzazi. Mama aliigeuza mila ili ambane mwanawe: alipokee, kisha arudi kwa mabruda.

Tarsis alisimama. Alilipokea jani kwa mikono miwili, na swali likamtoka bila kulipanga.

"Mama, isale huletwa na aliyekosa. Umenikosea nini?"

Evarista hakulitegemea swali hilo. Alikuja kudai, hakuja kuungama. Aliketi juu ya robota la khanga, Bwana Praful akaagiza chai.

"Nilikutoa bila kukuuliza, mwanangu," alisema mwishowe. "Niliogopa kukuzika. Nikamwahidi Mungu kitu ambacho si changu."

Tarsis alimjibu kwamba amemsamehe. Walilia wote wawili pale pale barazani, mbele za watu, bila haya.

Jumapili wakaenda kwa padre. Aliwaambia kwamba nadhiri humfunga aliyeiweka, na kama mama bado anataka kumshukuru Mungu, mikono anayo. Sasa kila Jumamosi Evarista anafagia kanisa la kijijini kwao. Mgongo unamuuma, lakini radhi ameitoa, na harusini atakuwepo.

Tarsis naye amerudi kukomunika. Jioni, kazi za wateja zikiisha, anawashonea watumishi wa altare kanzu bila malipo. Hakuna aliyemwagiza, na padre alipouliza ni kwa nini, alijibu kwamba anapenda tu.

Mwulize: akijaliwa mtoto, atamtoa kwa Mungu? Anaacha kusukuma cherehani.

"Nitamshika mkono mpaka mlango wa kanisa. Kuingia, ataingia mwenyewe."

Asipoingia je?

Tarsis anaugeuza mshono, anaukagua.

"Nitakaa naye hapo hapo mlangoni, tusubiri. Mimi Mungu alinisubiri miaka minne."