Matumba ya Kahawa Kabla ya Mvua

Sifa zote ni za Mungu, anayejua mwisho wa kila jambo kabla halijaanza, na ambaye kwa huruma yake hatuachi tufike huko bila dalili yoyote. Nimemshukuru asubuhi ya leo kwa macho ambayo bado yanaona mistari, kisha nimekaa kukuandikia wewe, mwanangu, uliyeniuliza ufanye nini ili mwisho wa hadithi yako umshangaze msomaji bila kumfanya ajione amedanganywa.

Nakumbuka siku moja ya kiangazi huko kijijini kwetu Hasamba, karibu na mpaka wa Zambia, nilipokuwa msichana niliyemaliza darasa la saba na kubaki nyumbani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Maduka ya Mlowo yalikuwa yameanza kujaa nguo na sabuni zilizovuka mpaka, na vijana wetu walidandia malori kwenda Tunduma. Wengine walivuka hadi Zambia na kukawia huko mpaka mama zao wakaacha kuwauliza wapita njia. Mimi sikwenda popote. Nilikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote, nayo ni kuandika maigizo ya vijana wa kanisa letu.

Kazi hiyo ilikuwa hatarini. Igizo la Pasaka iliyopita liliwachekesha watu mahali walipotakiwa kulia, na wazee wa kanisa wakasema tukiirudia aibu ile, muda wetu watapewa wanakwaya na maigizo yatakoma. Sikuwa na mahali pengine pa kuandikia. Nani mwingine angesoma maneno ya msichana wa Hasamba? Basi nikaanza mapema, miezi mingi kabla ya Pasaka.

Niliandika habari za mama mjane ambaye mwanawe wa pekee alivuka mpaka, akapotea. Miaka inapita, mama anakata tamaa. Mwishoni anakuja mgeni, mfanyabiashara, kujikinga mvua. Mama anamkaribisha, anampa chakula, na ghafla mgeni anasimama na kusema, "Mama, mimi ndiye mwanao." Nilipoiandika sentensi hiyo nililia mwenyewe.

Tuliisoma barazani kwa baba mkubwa, kaka yake baba yangu, aliyekuwa mwinjilisti na msimamizi wetu. Nilipofika kwenye sentensi ile, Ambakisye, ambaye ndiye angemwigiza mgeni, akauliza taratibu, "Dada, huyu ametokea wapi? Amedondoka kwenye lori?" Wenzangu wakaangua kicheko. Tusekile, aliyepewa nafasi ya mama mjane, akasema yeye mtu wa namna hiyo asingempa hata maji, angemwita balozi wa nyumba kumi.

Baba mkubwa hakucheka. Alingoja waondoke, akaniambia nimfuate kwenye kahawa nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa imepasuka kwa ukame na majani ya mibuni yamelegea. Akainamisha tawi moja, akanionyesha pale jani linaposhikana na tawi. Palikuwa na matumba madogo ya kijani yaliyobanana, magumu kama yamelala. Akaniuliza kama nimewahi kuyaona. Nikasema nayaona kila kiangazi tangu utoto.

"Na ulikuwa unayafikiriaje?"

"Sikuwahi kuyafikiria, baba."

"Vizuri. Likumbuke jibu lako hilo. Mvua ikinyesha, urudi hapa."

Akaenda zake. Niliona amenikwepa tu.

Mvua ya kwanza ikanyesha, ikakatika. Siku zikapita, na asubuhi moja nilitoka na ndoo kwenda kisimani, nikasimama. Shamba lote lilikuwa jeupe. Jana yake lilikuwa la kijani kilichochoka, na sasa kila tawi lilikuwa limevaa maua kuanzia shinani hadi nchani, na harufu yake tamu imejaa hewani mpaka unaweza kuionja. Nyuki walivuma kama watu wanaosali kwa pamoja. Nimezaliwa kwenye kahawa, jambo hilo nililiona kila mwaka, lakini asubuhi ile nilikuwa kama mgeni duniani. Nikaweka ndoo chini, nikalitafuta tawi lile lile. Kila ua lilikuwa limekaa pale palipokuwa na tumba. Halikuwapo hata moja lililotokea mahali patupu. Mungu alikuwa ameyaweka wazi mbele ya macho yetu kiangazi chote, na bado aliweza kutushangaza. Nikapiga magoti. Nilimshukuru pale pale kwenye tope, na maji siku hiyo yalichelewa kufika nyumbani.

Nikarudi kuandika, kwa pupa ya mtu aliyeelewa jambo jana. Nikampa kijana kovu shingoni. Mama akalitaja kovu, jirani akalitaja, hata mchungaji wa kwenye igizo akaliombea. Baba mkubwa aliposoma, alinirudisha shambani, akachuma tumba moja ambalo lilikuwa bado halijafunguka, akalipasua kwa kucha. Ndani mlikuwa na weupe kidogo uliosagika.

"Ua ndilo hili," akasema. "Umeliona?"

Nikasema nimeliona.

"Haya, linuse."

Halikunukia chochote.

Nilikaa na igizo lile mpaka mahindi yakakomaa. Jibu lilikuja nikiwa nafagia kizingitini, nikisukuma magunzi ya watu waliokula mahindi wakipiga soga mlangoni. Kovu nikalifuta. Badala yake, katika onyesho la kwanza, mtoto anakula hindi la kuchemsha, na akimaliza analisimamisha gunzi kizingitini. Mama anatoka na beseni, anajikwaa, anafoka, "Kila siku mnara! Unamjengea nani mlangoni kwangu?" Basi. Gunzi halitajwi tena.

Pasaka ikafika, kanisa likajaa. Mama alipojikwaa watu wakacheka sana, na niliwaona wazee wa kanisa wakitazamana. Nikajisemea kwamba leo ndiyo mwisho wangu. Lakini igizo likaendelea, mtoto akaondoka, mama akazeeka, na kicheko kile kikasahaulika.

Kisha mgeni akaja. Akaketi karibu na mlango, akala hindi huku akisimulia ubovu wa barabara. Alipomaliza, bila hata kutazama, akalisimamisha gunzi kizingitini. Tusekile alikuwa anainama kuchukua sahani. Akaliona, akabaki ameinama.

Kwenye mabenchi ya akina mama alikuwapo mama mmoja mzee ambaye mwanawe alivuka Tunduma na hajarudi. Huyo akasema kwa sauti ndogo, "Ndiye." Neno hilo likatembea kutoka benchi hadi benchi, ndiye, ndiye. Ambakisye alikuwa amebakiwa na sentensi yake ile ya "Mama, mimi ndiye mwanao." Alifungua kinywa, akakifunga. Hakuisema, na hakuna aliyeidai.

Baada ya ibada mzee wa kanisa mmoja alikuja kuniuliza Pasaka ijayo tutaandaa nini. Nilitaka kumjibu, lakini yule mama mzee alikuwa amenishika mkono. Hakusema lolote juu ya mwanawe. Aliuliza tu, "Nilijuaje, mwanangu, kabla hajasema?"

Jibu lake ninalo sasa, na ndilo ninalokuachia. Alijua kwa sababu alionyeshwa akiwa anacheka. Ujue kwanza hadithi yako inaishia wapi, kisha urudi nyuma uweke dokezo lako mapema, mahali ambapo lina kazi yake nyingine, liwe mzaha au shughuli ya nyumbani, ili msomaji alipokee bila kuliuliza. Usilinyooshee kidole. Ukilirudia sana umelipasua kwa kucha, na mwisho wako hautanukia. Liache lilale, mambo mengine yapite juu yake. Na saa yake ikifika, msomaji akishasema moyoni "ndiye", wewe nyamaza. Usimnyang'anye neno lake.

Mungu aliyeyapanga matumba kwenye tawi kavu aibariki kalamu yako na yeyote atakayesoma maneno haya. Akupe subira ya kiangazi, na mvua yako ikinyesha, akukute ukiwa macho. Amina.