Bastola Nyepesi ya Tajiri wa Samaki

Nilipoishika mara ya kwanza nilicheka. Bastola gani hii, nyepesi kama kitana! Mimi nimebeba chuma tangu mgambo, nikaenda nacho vitani Uganda na kurudi nacho. Sasa tajiri wetu wa samaki pale Muleba, ambaye mimi na mwenzangu tulimlinda akienda visiwani kununua sangara, ananiletea kitu cha plastiki nyeusi, hakina hata nyundo ya kuvuta kwa dole gumba. Nikamwambia, "Mzee, hii wape wajukuu." Akajibu kwamba imetoka Ulaya, kibali kipo, na atakayelenga vizuri kwa bastola hiyo ndiye atakayebaki kazini. Biashara ilikuwa imembana, na mlinzi mmoja angemtosha.

Mwenzangu alikuwa mtu wa Ijuganyondo, mimi wa Kahororo. Tulilala handaki moja wakati wa vita, na tangu hapo aliniita munywani, yaani rafiki wa kuchanjiana damu, ingawa hatukuchanjiana chochote. Mcheshi balaa! Kwenye basi la Muleba alikuwa akiwachekesha abiria mpaka konda anasahau nauli. Lakini mwaka ule alikuwa amekonda, shati linamning'inia, na abiria wale wale wakawa wanasogea pembeni akikaa. Ilikuwa silimu, ukimwi wenyewe. Kila mtu alijua, hakuna aliyetamka. Miaka ile tulitoka msiba huu tukaingia ule. Na yeye alikuwa na mke na watoto wadogo, na kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Tukaenda kwenye machimbo ya mawe, askari polisi akisimamia. Kopo la mafuta ya kupikia likawekwa juu ya jiwe. Nikaanza mimi. Nililenga kama nilivyolenga maisha yangu yote, nikaminya kwa nguvu. Kopo wala halikutikisika. Nikapiga tena na tena, vumbi linaruka chini kushoto. Mkono uliozoea chuma kizito unakamua, na kitu chepesi ukikikamua kinageuka.

Yeye hakuwa na nguvu za kukamua. Akaipokea taratibu, kama mgeni anavyopokea buni za kutafuna, akavuta polepole. Pa! Kopo likaruka. Likarudishwa, akaliangusha tena.

Nikaenda kumkumbatia. Akanisukuma.

"Umenihurumia," akasema. "Umekosa makusudi. Mimi si maiti bado!" Akamrudishia tajiri bastola, akasema kazi ya kuonewa huruma haitaki.

Nikapandwa na hasira. Mimi, nikose makusudi mbele ya polisi? "Lete hiyo takataka!" Nikasogea karibu zaidi, nikalenga kwa roho yangu yote. Waitu, risasi ikagonga jiwe! Nikatukana kwa Kihaya matusi ambayo padri wangu hajawahi kuyasikia, nikalipiga teke jiwe, nikaumia kidole, nikaanza kurukaruka kwa mguu mmoja. Hapo ndipo alipoamini. Hasira zangu alizijua tangu handakini. Akacheka, akakohoa, akakaa chini na kuendelea kucheka. "Kumbe munywani ni mbovu hivi!"

Kazi akaichukua yeye. Mimi nikarudi kwenye kibanja changu kupalilia migomba, na kila aliponitembelea alinyoosha kidole kama bastola na kunipigia "pa!" mlangoni. Nilikuwa nakasirika kweli. Leo natamani hata mara moja tu nimsikie.

Alifanya kazi mpaka miguu ilipokataa. Siku ya maziko nikaombwa niseme neno. Nikasema huyu bwana alinishinda shabaha. Watu wakatikisa vichwa kwa upole, mmoja akanong'ona kwamba nina moyo mzuri sana, kumwachia mgonjwa. Nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti palepale kaburini: "Sikumwachia! Alinishinda!"

Mjane wake akainua uso.

"Tunajua, shemeji," akasema. "Kila jioni alitusimulia ulivyokosa."