Shemeji Yangu Aliyegeuka Kuku

Kupukuchua mahindi kwa mikono kunachosha vidole, ndiyo maana hapa kwetu Matogoro tunapukuchua huku tunatunga hadithi. Lazima ndani yake mtu ageuke kitu. Mwenye hindi mkononi ndiye anayesimulia. Likibaki gunzi, anapokea wa pembeni yake, na alichokwisha kusema mwenzio hukifuti.

Mwaka huu nilianza mimi. Nikasema mtu wetu ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Sikumficha. Matanga hayajaisha, alibadilisha kufuli la nyumba ambayo matofali yake nilifyatua mwenyewe. Nikatoka na ndoo na godoro. Shule niliishia la nne, lakini hilo sihitaji kusomewa: ule ni wizi.

"Mgeuze fisi," jirani akasema.

"Fisi anaogopwa. Huyu sitaki aogopwe. Awe kuku."

Aliyefuata alikuwa wifi yangu, dada wa huyohuyo shemeji. Nikajua sasa atamtetea.

"Awe kishingo, yule wa shingo tupu," akasema. "Kaka yangu manyoya yalishamtoka siku nyingi."

Jirani alipopokea hindi, akampa kuku wetu mayai ya bata ayaatamie. Vifaranga vilipototolewa tu vikakimbilia mtoni, shemeji akabaki ukingoni anapiga kelele, anadhani wanawe wanazama. Tulicheka mpaka punje zikamwagika nje ya turubai.

Hindi la mwisho likaniangukia mimi. Wifi akaacha kucheka.

"Wifi, mrudishe awe mtu. Ni mkorofi, lakini tumenyonya ziwa moja."

Nikapukuchua polepole. Moyo ulitaka abaki kuku mpaka Krismasi, aone. Mwishowe nikamrudisha. Akavaa suruali yake, akaenda kwenye ile nyumba huku mvua inamnyeshea, akakuta kufuli jipya. Nikatupa gunzi.

"Mahindi yameisha."

"Hayajaisha," wifi akasema. Akanyanyuka, kumbe alikuwa amekalia hindi zima! Akaanza kulipukuchua mbiombio. "Mlango ukafunguliwa. Aliyefungua ni wifi yangu huyu, mwenye nyumba."

Mwenye nyumba. Tangu nifukuzwe, hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuniita hivyo.

Akanipa hindi lake, limebaki mstari mmoja wa punje. "Haya, mkaribishe."

Nikalipokea.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Banda liko nyuma."