Bastola ya Mkwe Wangu

Tulikuwa wanne. Mimi, kaka yangu wa tumbo moja, aliyekuja kutoka Buffalo, binti yangu kitinda mimba, na mumewe, anayefanya kazi ghalani kule Columbus. Majina yao ninayo yote, mpaka ya ubatizo, ila siyaandiki. Wenyewe wanajijua.

Walinikuta hapa Newburg, huku Marekani, Jumamosi, mkwe akatupakia garini mpaka uwanja wa kulenga shabaha nje ya Louisville. Alikuwa amenunua bastola. Kidude chenye risasi nyembamba kama msumari, kinachojipakia chenyewe.

"Ya kujifurahisha tu, mama," akasema. "Hii hata mtoto anaiweza."

Huyo ndiye mtu niliyempa mwanangu.

Risasi mbili zikatoka. Ya tatu, ganda likabana pale juu. Akalichokonoa kwa kucha. Akapiga moja, ikakwama tena. Kaka yangu alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mkwe, bastola yako inakohoa! Umeilisha nini?"

"Mawese, mjomba. Kidogo tu."

Mawese! Kule kambi ya wakimbizi Tanzania tulipaka mawese kwenye mnyororo wa baiskeli kwa kukosa kingine, naye akadhani bastola ni baiskeli. Kwa baridi ya siku ile, mafuta na masizi vikagandana ndani kama ukoko wa sufuria.

Sasa, kwetu mama mkwe hamkaripii mkwe wake uso kwa uso. Naongea na kaka, kaka anampelekea.

"Kaka, mwambie mkwe wetu aiweke chini."

"Mkwe, dada anaomba uiweke chini."

"Mjomba, mwambie mama imekwama. Haina neno."

Imekwama, ati haina neno! Na huku anageuka kumwonyesha mkewe ilipobana, mdomo wa bastola ukielekea tumboni kwa binti yangu.

Sikumngoja kaka. Nilimchapa mkono kwa fimbo yangu ya kutembelea, nikasema, "Mpumbavu wewe, utamuua!" Ikafyatuka. Changarawe zikaruka miguuni petu. Binti yangu akakaa chini palepale.

Mkwe anasema mdomo ulikuwa unatazama ardhi, na kwamba fimbo yangu ndiyo iliyoifyatua. Kaka yangu, damu yangu kabisa, anataka nipeleke kreti ya Fanta Columbus nikaombe radhi kwa kumtukana mkwe mchana kweupe. Sipeleki. Nimesema kidude kile kikiingia kwangu, mwenyewe alale nje nacho. Mkwe naye amemkataza mke wake kunitembelea.

Mimi sikusoma sana na macho yangu ni ya kizee. Kaka, kama nimeandika uongo, nisahihishe, lakini wewe ulikuwa unaokota kofia. Binti yangu, wewe ndiye uliyekuwa mbele ya mdomo ule. Mdomo ulikuwa unatazama ardhi, au ulikuwa unakutazama wewe? Kama nimekosea, niambie mwenyewe. Usimtume mjomba wako.